Miguu ya Kurui

Enzi za Mwingereza, zahanati ya Kisarawe ilijaa watu siku Siwema alipomfikisha mama yake, mwenye donda mguuni. Siwema alivaa kanga mpya nyekundu. Dresa Zahoro, mfunga vidonda wa hapo, kijana wa kaptula ya kaki, aliiona kanga kabla ya donda.

Mwezi mzima akaliosha donda kwa maji ya chumvi na kulifunga.

"Macho yako, bibie, yananiharibia kazi."

"Basi tazama mguu wa mama. Mimi siumwi."

Walipendana hivyo, kwa vijembe. Kisha Siwema akaona Genoveva, binti wa katekista, anachomwa sindano na Zahoro. Wivu ukampanda.

"Mama yangu chumvi, yule sindano! Kakupa nini?"

"Ana buba. Sindano inaponya buba, haiponyi donda la mama."

"Nani kasema?"

Zahoro akamletea daftari. "Mwaka jana watu wa madonda walililia sindano kama wewe. Ishirini niliwachoma, wakapona wanne. Ishirini niliwaosha, wakapona kumi na sita."

"Daftari lako, kalamu yako. Hata mimi ningejiandikia mazuri. Kesho nampeleka mama kwa mtu mmoja wa Visiga anayechoma watu sindano."

"Atampotezea mguu, Siwema! Baadhi ya hao niliowaandika wako kijiji cha Kurui. Chukua daftari, kawatazame."

Zahoro alidhani hatakwenda. Siwema alikwenda, akabisha hodi nyumba kwa nyumba, akifunua miguu ya watu wazima bila haya. Saburi, aliyechomwa mara tatu, bado alichechemea. Mwishehe, aliyeoshwa, alikuwa shambani analima.

Siku ya tatu alirudi, vumbi hadi magotini, akalitupa daftari mezani.

"Mwongo! Huyu Matano uliyemwosha umemwandika kapona. Donda lake limefumuka upya, nimeliona."

Siwema alingoja abishe, kama wanaume wote aliowajua. Zahoro akachukua kalamu, akalikata jina la Matano.

"Kumi na tano," akasema. "Wengine je?"

Siwema akakaa kitako.

"Wengine ni kweli. Visiga hatuendi. Mwoshe mama."

"Na mimi nilete posa?"

"Lete. Ila kwanza nakwenda kwenu Gwata, kukuulizia nyumba kwa nyumba."

Zahoro akacheka. Kisha akaacha, maana Siwema alikuwa ameshika kalamu na anauliza majina ya majirani.