Huyo Si Mama

Kwa maneno ya jirani yao Syprose, Akwi alimkana mama yake mbele ya darasa zima. Syprose alikuwa amepeleka kuni shuleni, akasikia dirishani kwa masikio yake mawili. Mwalimu aliuliza, mtoto akajibu, "Huyo si mama." Hakusema mara moja tu. Alisema mara tatu.

Apolot, mama yake Akwi, alikuwa anatwanga muhogo mkavu. Mchi ulibaki juu. Juzi tu alipita shuleni na unga mpaka viwikoni, akimpelekea Akwi kiazi. Je, mtoto alimwonea haya?

"Labda anataka mama wa viatu, Mama Akwi," Syprose alisema, akaenda zake kupeleka habari nyumba ya pili.

Akwi alirudi na jambo jingine. Mwalimu Imalingat amesema asiposoma Ijumaa, atakaa nyumbani mpaka mwaka ujao. Zilibaki siku mbili. Apolot hakumuuliza mtoto kitu. Aliogopa jibu. Alimshika mkono, akachukua na kitabu cha shule, wakaenda kwa Bi Hajarah, aliyewafundisha kina mama kusoma karibu na soko la Busia.

Bi Hajarah alimwambia Akwi asome. Akwi alitaja herufi zote bila kukosea. Alipofika kwenye neno "mama" akanyamaza. Kidole chake kilikuwa juu ya picha. Mwanamke wa nywele za manjano amekaa kwenye kochi. Mbwa amelala miguuni pake, ndani ya nyumba.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?"

"Huyo si mama," Akwi alisema. "Huyo ni memsahibu. Mama hakai na mbwa ndani. Mama ana unga."

Apolot alitazama mikono yake. Moyo ulirudi mahali pake, lakini Ijumaa ilikuwa palepale.

Bi Hajarah alieleza taratibu. Mtoto anajua kusoma. Yule naye ni mama, mama wa watoto wa ng'ambo, na ni vizuri Akwi amjue. Lakini mtoto akiona watu wa mbali tu kitabuni, hudhani vitabu havimhusu.

"Mpe na watu wake," alisema. "Wewe sema, mimi niandike, yeye achore."

Walikata karatasi za kufungia sukari, wakazishona kwa uzi, kila ukurasa mtu wanayemjua. Mama anatwanga muhogo. Akullo wa kijijini Kirewa anapalilia karanga. Zubaida amejitanda mtandio. Jamilu anavuka mpaka na baiskeli. Syprose amebeba kuni. Akwi alimchora mdomo mkubwa. Bi Hajarah aliomba upunguzwe kidogo, Akwi akakataa.

Ijumaa Apolot alisimama chini ya dirisha la darasa. Akwi alisoma ukurasa wote wa kitabu cha shule. Alipofika kwenye ile picha alisema, "Huyu ni mama wa kwao." Kisha akatoa kitabu cha uzi. Watoto walimzunguka. Hata Odoi, ambaye tangu Januari hakuwahi kusoma neno, aliweka kidole akasema, "Ba-i-si-ke-li."

Apolot aliingia. Hakujifuta unga.

"Mwalimu, naomba kitabu hiki kikae kabatini, pamoja na vile vingine."

Mwalimu Imalingat alikuwa na ufunguo wa kabati mkononi. Alifunua ukurasa wa mama na unga wake. Akautazama. Akafunua mwingine, mpaka wa mwisho, kisha akafungua kabati.