Kanzu Iliyosubiri

Soko la Arua lilikuwa limefurika siku ile Hadijah alipomwona kijana amejivika kichwani kawa lake la ukindu.

"Dada, kofia hii bei gani?"

"Si kofia, mutu ya Kongo! Hiyo iko ya kufunika chakula."

Wauzaji wenzake walicheka hadi machozi. Kijana naye akacheka, akalinunua. Aliitwa Gustave, muuza vitenge, mwenye shati la maua na suruali pana ikifagia vumbi. Hadijah alikuwa na miaka kumi na minane, mtandio wa manjano, na ulimi mwepesi. Tangu hapo Gustave hakukosa sababu ya kupita.

Mvua zilipokwisha, alimposa kwa Ami Zubeiri, aliyemlea Hadijah. Jibu lilikuwa jepesi: asilimu Ijumaa, ndoa ifuate. Miaka ile wengi walisilimu, na hakuna aliyewauliza kwa nini. Kanzu ikashonwa, mbuzi akafungwa uani.

Alhamisi jioni Hadijah alimngoja kwenye ua.

"Gustave, kama mimi siko, utaingia dini hii?"

"Kama wewe haiko, niingie kufanya nini? Kwa ajili yako, mpenzi, nitasema neno lolote."

Aliona amesema neno tamu kuliko yote. Hadijah alihisi baridi moyoni. Maneno ya shahada yeye aliyatamka kila siku kwa hofu na mapenzi.

"Basi usiseme."

"Kumbe hunitaki!"

Akaondoka na kanzu yake kwapani. Ijumaa hakuonekana.

"Nani alikufundisha kumzuia mtu kuingia dini?" Ami alifoka.

"Ami, ninaipenda mno. Sitaki aivae kama nguo ya kuazima."

Ami akaenda kumfungua mbuzi.

Hadijah alisali, akalia, akamwuliza Mungu kama ilikuwa kiburi. Lakini maneno yake hakuyajutia.

Baada ya Idi alikwenda Koboko kwenye harusi ya binamu yake. Sokoni, katikati ya vitenge, aliona kanzu nyeupe imetundikwa.

"Hiyo haiuzwi," sauti ikasema. "Inanisubiri."

"Gustave!"

"Ulinifukuza, Hadijah."

"Nilikukataza kudanganya."

"Nilikasirika sana. Lakini swali lako likanifuata mpaka huku. Sasa kila jioni ninasoma kwa sheikh mmoja, mimi na watoto wadogo. Jumapili bado ninaenda kanisani. Sheikh amechoka na maswali yangu!"

"Umeamua?"

"Bado. Ikiwa ndiyo, haitakuwa kwa sababu yako. Ikiwa hapana, nitakuja kukuambia mwenyewe."

Hadijah alijua hapana hiyo ingemnyima mtu huyu. Hata hivyo kifua chake kilifunguka.

"Nitangoja. Niulize mimi moja, sheikh apumzike."

"Mama yangu anasali kwa rozari yake kila asubuhi. Mungu anamsikia?"

Hadijah alifungua kinywa, jibu la madrasa likiwa tayari ulimini. Akalimeza.

Kando ya Gustave lilikuwapo lile kawa, safari hii limefunika sahani ya mihogo. Hadijah akalifunua, akaketi juu ya robota la vitenge.

"Sogea," alisema. "Hilo tulifikirie pamoja."