Mkate wa Kijapani Niliomlisha Sahibu Yangu

Nina miaka thelathini na sita, mke na watoto watatu, na kazi yangu ni upishi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa mashamba ya katani hapa Tanga. Mimi ni Mkristo, Mbondei wa Muheza. Haya ninayoyaeleza hata mke wangu ameyajua mwezi huu tu.

Jirani yangu mtaani Chumbageni alikuwa Athumani, fundi cherehani, Mwislamu mshika dini. Tulipendana kuliko ndugu wa tumbo moja. Nikitaka kupika kuku, hata wa kula mimi na wanangu, nilimpelekea yeye achinje, ili mgeni yeyote akipita aweze kula. Ndivyo tunavyoishi huku. Nduguye alipomwonya asile nyumbani kwa Mkristo, Athumani alimjibu mbele yangu, "Yohana hawezi kunilisha haramu."

Laiti angejua...

Wakati huo meli za Kijapani zilikuwa zimeanza tena kuja kuchukua katani. Siku moja nahodha alialikwa kwa bwana wangu, akaja na mpishi wake. Mpishi huyo hakujua Kiswahili, nami sikujua lugha yake, basi tukasemezana kwa mikono. Aliponda kipande cha nyama ya nguruwe, akakipaka unga, akakichovya katika yai, akakigaragaza katika chenga za mkate mkavu, akakikaanga katika mafuta tele ya nguruwe. Kisha akakilaza kati ya vipande viwili vya mkate wa boflo vilivyotolewa maganda, pamoja na kabichi iliyokatwa nyembamba na sosi nyeusi ya chupa. Nilipouma, kikavunjika mdomoni... Jamani! Sijapata kula kitu kama kile.

Nikajisifu kwa Athumani siku nne mfululizo. Nikamwahidi kwamba mkate wake nitautengeneza kwa nyama ya kuku. Siku ya kuvunja jungu, watu wanapokula pamoja kabla ya kuanza mfungo wa Ramadhani, akaalika jamaa zake na kuwatangazia kuwa sahibu yake analeta mkate wa Kijapani.

Kuku alimchinja mwenyewe asubuhi. Nyumbani kwangu nikakaanga kipande cha kwanza kwa mafuta ya nazi. Yalikuwa na majimaji, yakafura povu, zile chenga zikabambuka zote. Cha pili vivyo hivyo. Nikawaza watakavyonicheka, hasa yule nduguye. Na pale rafuni palikuwa na kopo la mafuta ya nguruwe, nililopewa na memsahibu, mke wa bwana.

Je, sikujua? Nilijua! Nilisimama nalo mkononi muda mrefu. Nikajiambia kuku ni halali, kamchinja mwenyewe, na mafuta ni mafuta tu, yatachujika. Ibilisi hana haja ya kusema mengi kwa mpishi mwenye kiburi.

Walikula wakalamba vidole. Nduguye akaomba cha pili. Athumani alikata chake nusu akampelekea mama yake, Bi Mwanaidi, chumbani. "Si niliwaambia mkono wa huyu?" akasema. Nami nikakaa palepale, nikipokea sifa.

Baada ya Idi, Athumani akaanza kuugua ini. Si chakula changu kilichomuuguza, mnielewe, lakini kila nilipomwona amevimba tumbo niliona ni mimi. Hospitali wakamrudisha nyumbani. Alasiri moja akaniita, akanishika mkono.

"Yohana, tumekula pamoja siku nyingi. Vyako nilivyokula, niwie radhi."

Ndivyo mtu wa pwani anavyoaga. Nafasi nilipewa... Nilichoweza kusema ni, "Nimekuwia radhi. Nawe niwie."

Akatabasamu. "Wewe hukunikosea kitu."

Kesho yake tukamzika.

Tangu hapo sina raha. Nikiweka karai jikoni kwa bwana, mafuta yakianza kuchemka, namsikia: hukunikosea kitu. Nikisali kanisani, namsikia. Nyumbani hatukaangi tena, na mke wangu hakujua kwa nini.

Mwaka huu, siku ya kuvunja jungu ilipofika, Bi Mwanaidi akaniagiza mkate ule, amkumbuke mwanawe. Nikautengeneza kwa mafuta ya nazi, nikampelekea. Akatafuna kidogo, akaacha.

"Baba, mkono wako umepungua," akasema. "Ule aliokula mwanangu ulikuwa mwingine."

Nikashindwa. Nikapiga magoti nikamwambia yote. Akaweka sahani chini.

"Niliyokula mimi, nimekusamehe. Ya Athumani sina mamlaka nayo. Angekusamehe, moyo huo alikuwa nao. Ila wewe hukumpa nafasi."

Wasomaji wenzangu, sikuja hapa kutaka huruma yenu. Ukimkosea mtu, hasa aliyekuamini mbele ya watu, mwendee leo, hata kama utaaibika, hata kama atakufukuza. Mimi niliogopa kuchekwa na watu sita siku moja. Sasa nina neno la kumwambia mtu mmoja tu, naye hayupo wa kulisikia.