Chuma Moto na Chuma Baridi

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare ya shule, Kamene aliwasha jiko la makaa nje ya nyumba yao huko Katelembo. Mama yake, Nzembi, alifanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari kule Athi River. Aliunganisha plastiki za milango ya gari kwa joto, bila gundi wala skrubu. Wikendi, majirani walimletea plastiki zao zilizovunjika.

"Unapitisha kijiti hiki cha plastiki kwenye tundu," Mama alieleza. "Chuma moto kinayeyusha ncha yake, inakuwa kichwa kama cha msumari. Halafu unakandamiza kwa chuma baridi mpaka kichwa kigande. Ukiinua mapema, hakishiki kitu."

Kamene ndiye aliyeshika chuma moto. Chuma baridi kilikuwa cha Mwihaki, msichana wa jirani aliyesoma na Kamene darasa la sita. Mwihaki alikandamiza hadi kila kichwa kikaganda, na hakulalamika.

"Wee Mwihaki, Mungu akubariki!" Mama alisema. "Uko na subira kuliko mimi!"

Aka! Moyo ulimchoma Kamene. Aliyewasha jiko ni nani? Aliyepuliza makaa hadi macho yakatoa machozi ni nani? Kwani huyu hana kwao? Wivu ulimshika, akakisukuma kando kikombe chake cha chai.

Jumamosi moja asubuhi, Mwalimu Kimeu alileta ubao wa plastiki wa ndani ya mlango wa gari lake. Ulikuwa umeng'oka.

"Mama Kamene, bibi harusi wetu anapanda gari hili saa sita," alisema. "Tafadhali usiniaibishe."

Makaa yalikuwa yakiisha, basi Mama akaenda kununua mengine. "Anzeni," aliwaambia wasichana. "Lakini chuma baridi kishikwe na Mwihaki."

Mwihaki tena! Mama alipotoweka tu, Kamene alimtuma mwenzake mtoni kuteka maji, kisha akafanya kazi peke yake. Aliyeyusha kijiti, akainua, akarukia kingine. Vichwa viling'aa vizuri, na chuma baridi hakukigusa. Leo atasifiwa yeye.

Mama aliporudi, Mwihaki alikuwa amekwisha kurudi na kuutua mtungi nyuma ya nyumba. Mama aliuvuta ubao kidogo. Vichwa vikachomoka kimoja baada ya kingine.

"Nani alishika chuma baridi?"

"Si ni kazi ya Mwihaki?" Kamene alijibu haraka.

Mwihaki alimtazama Kamene.

"Leo umeniangusha, Mwihaki," Mama alisema. "Nenda nyumbani. Nitafanya mwenyewe."

Mwihaki alifuta mikono kwenye sketi, akaenda zake. Kamene alikuwa amepata alichotaka, lakini hakufurahi hata kidogo. Mama alihangaika na vyuma viwili peke yake, jasho likimtiririka, na saa sita ilikuwa ikikaribia.

"Mwaitu," Kamene alimwita mama yake kwa Kikamba. "Mwihaki hakuwa hapa. Nilimtuma maji. Ni mimi niliyeharibu."

Mama aliweka chuma chini. "Nenda ukamwambie hayo mwenyewe. Kimbia!"

Alimkuta Mwihaki kwao akimenya viazi peke yake.

"Nisamehe. Nilikusingizia kwa wivu," Kamene alisema. "Mama anakusifu wewe tu."

"Unanionea wivu mimi?" Mwihaki alishangaa. "Mama yangu anauza vitunguu Kithimani, namwona Jumapili tu. Wewe, wako hurudi nyumbani kila jioni. Mimi ndiye wa kukuonea wivu!"

Kamene alimshika mkono, wakarudi mbio. Mama aliyeyusha vijiti upya, na wasichana wakakandamiza kwa zamu. Mwalimu alipokuja, aliuvuta ubao kwa nguvu zake zote, nao haukutikisika. Aliondoka akipiga honi.

Mama aliwaketisha wote wawili, kwanza akamwomba Mwihaki msamaha. Kisha akamgeukia binti yake.

"Kamene, sifa si chapati, kwamba mwenzako akipewa, kipande chako kinapungua. Nikimsifu Mwihaki, wewe unabaki mwanangu. Lakini ukimsingizia mtu, nitakusifu kwa lipi? Leo umesema ukweli. Umechelewa, ndiyo, lakini umeusema bila kulazimishwa. Kwa hilo, mwanangu, nakusifu."