Ukungu Upande wa Abiria

Mimi sikusimuliwa. Hili nililiona kwa macho haya mawili, na ningekuwa na la tatu lingeliona pia, likapofuka papo hapo. Wenzangu wa kiwanda cha samaki hapa visiwani Faroe watakwambia naongeza chumvi. Waulize wao walikuwa wapi siku ile.

Kiwandani kwetu yupo Hanus, mpakia barafu, bahili ambaye akipiga chafya anaivuta tena ndani isipotee bure. Gari lake ni kuukuu, nadhani milima ilipoumbwa ililikuta limeegeshwa. Kitu kimoja tu Hanus hakukifanyia ubahili, nacho ni binti yake Rannvá. Mtoto ana pumu, kifua kinalia kama filimbi iliyoingia mchanga. Kila asubuhi baba alimvusha mlima mwenyewe kumpeleka shule, mvua iwe mvua, upepo uwe upepo.

Vuli ile mdogo wake Hanus, Dánjal, alizama na mashua yake. Bahari ikamla yeye, ikatema sweta lake la sufu, lile alilofuma marehemu mama yao.

Sasa huku kwetu kitu kilichorudishwa na bahari hakifungiwi ndani. Kinatundikwa kwenye kibanda cha upepo, kile cha mbao zenye mianya tunamokaushia nyama ya kondoo, upepo ukitoe chumvi na umtoe na mwenyewe. Hata mtoto wa kunyonya anajua. Lakini kibanda cha Hanus kilikuwa kimejaa mapaja ya kondoo mpaka mlangoni, na akaona maji ya marehemu yatamdondokea kitoweo cha mwaka mzima. Basi akakivisha kiti cha abiria cha gari lake lile sweta. Akafunga milango, akawasha hita, akabonyeza kile kitufe cha mshale unaojikunja, hewa izunguke ndani kwa ndani, joto lisitoke. Sweta likakauka vizuri, akalikunja akaliweka kabatini. Maji yake yalikwenda wapi, hakujiuliza.

Kesho yake kioo cha mbele kikashika ukungu. Hilo si ajabu, mvua yetu huku hainyeshi ikapita, inahamia na mizigo yake. Ila ukungu huu ulianzia upande wa abiria, pasipokaa mtu, duara dogo usawa wa mdomo wa mtu mzima. Ukatanuka. Ukanywea. Ukatanuka tena. Hanus akaufuta kwa kiganja, ukarudi palepale. Akaongeza hita, na ndani kukaanza kunuka sufu mbichi na mwani.

Rannvá alikuwa kiti cha nyuma. Akanong'ona, "Baba, nani anapumua?"

"Ni wewe, mwanangu. Kifua chako hicho."

"Mimi nimebana pumzi."

Hanus hakugeuka kutazama. Alimshusha mtoto shuleni, akaenda moja kwa moja kwa Heini, kaka wa mkewe, fundi magari mwenye mdomo mpana kuliko gereji yake. Heini alipoona vioo vinavyotiririka maji, akacheka.

"Shemeji, hili gari au sufuria? Umechemsha kondoo humu?"

Hanus akasema hita yote iko juu na bado haoni mbele. Heini akamwonyesha kitufe chenye alama ya theluji, akamwambia abonyeze kile.

"Baridi hii yote, niwashe baridi nyingine?" Hanus akauliza. "Tena kwa petroli yangu?"

"Kiyoyozi kinakausha hewa, bahili wewe. Kiwashe pamoja na hita, utapata joto kavu. Na huo mshale wako zima, hewa ya nje iingie. Kutwa unapumua pumzi ile ile, unaitafuna kama mbuzi anayecheua."

Akainama aingize kichwa ndani amwonyeshe. Akanusa. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akatoka polepole, akasema kwa sauti ya chini, "Sweta la Dánjal mlikaushia wapi?"

Hanus akatazama viatu vyake.

"Mtoe leo hii," Heini akasema. "Fungua hewa ya nje, washa hiyo theluji, mtoe. Lakini mtoto asiwemo ndani. Huyo akitolewa atatafuta pa kuingia."

Hanus aliapa atafanya jioni akitoka kazini. Adhuhuri shule ikapiga simu: Rannvá amebanwa, dawa ya kuvuta haisaidii. Daktari yuko ng'ambo ya mlima, na gari la kumfikisha ni lile lile. Mngefanyaje nyinyi? Akambeba, akamlaza nyuma, akaondoka.

Walipofika juu kabisa, pale ambapo barabara ni nyembamba na upande wa kushoto ni bonde tupu mpaka baharini, ukungu ukatambaa kutoka upande wa abiria kama maziwa yaliyomwagika, ukapita katikati ya kioo, ukamfikia usoni, na kila alipoufuta kwa mkono wa kulia ulirudi mzito zaidi, na ndani yake ikatokea taratibu alama ya kiganja kikubwa kisicho na kidole cha mwisho, kile alichokatwa Dánjal na kamba ya nanga, na harufu ya mwani ikamjaa kooni, na nyuma yake mtoto anavuta hewa isiyokuja, na pembeni yake mtu mwingine anaivuta yote, kwa raha, kwa kina, kama aliyekaa chini ya maji muda mrefu. Hanus akabonyeza theluji. Akazima mshale.

Kiyoyozi kikanguruma. Kioo kikatakata chote kwa mara moja, barabara ikaonekana, harufu ikaisha.

Na nyuma, filimbi ya kifua ikanyamaza.

Akasimamisha gari akageuka na roho mkononi. Rannvá alikuwa amekaa wima, anapumua vizuri. Daktari alimpima, akasema hajapata kusikia kifua kisafi namna ile. Durita, mkewe Hanus, alilia kwa furaha, akatuita majirani tunywe kahawa.

Hapo nilikuwepo, nimekaa mezani, keki ya rubarb, ule mmea wetu mchachu, mdomoni. Mtoto alisimama dirishani, anatazama kibanda cha upepo. Akapumua juu ya kioo. Ukungu ukatanda mpana kama sahani, na jikoni kukanuka sufu mbichi. Akasema bila kugeuka, taratibu kabisa:

"Kaka Hanus, nyama imekauka?"

Kikombe cha Hanus kilianguka. Hakuna aliyekiokota.

Haya, nisiwadanganye mpaka mwisho. Moja nimelitunga: kwamba kiyoyozi kilifanya kazi. Heini alilifungua lile gari baadaye. Gesi ya kiyoyozi ilikwisha kabla Rannvá hajazaliwa. Taa ya theluji iliwaka tu, hakuna kilichokausha kioo, hakuna kilichomfukuza mtu. Alikuwa ameshapata pa kukaa.