Theluji Ndani ya Taulo

"Kona ya mwisho umelegeza mguu! Umelegeza, hukulegeza?"

"Nimelegeza, Mwalimu."

Kofi la Mwalimu Onodera lilitua kwenye shavu la Misao Tokoro kwa mlio uliowafanya wenzake wote chumbani wainamie kamba za viatu vyao. Bingwa wa Japani wa mita mia tano za kuteleza kwenye barafu, mwanamke ambaye picha yake ilibandikwa stesheni ya Obihiro ikiwa kubwa kuliko ratiba ya treni, aliyumba, akashika benchi, akasimama wima. Kisha akainama mpaka mgongo ukalala, akasema kama walivyofunzwa wote:

"Asante sana, Mwalimu."

"Bila mkono huu wewe ni nani?"

"Binti wa mkamua ng'ombe, Mwalimu."

"Sijasikia!"

"Binti wa mkamua ng'ombe, Mwalimu!"

"Mwezi ujao ni mchujo wa Olimpiki. Ukiogopa ile kona kuliko unavyoniogopa mimi, rudi kwa baba yako ukashike chuchu za ng'ombe."

Pembeni, Kyogo alikuwa akinoa nyembe za viatu vya Misao. Kyogo alikuwa mtoto wa Mwalimu, msaidizi wake kazini, na mchumba wa Misao. Harusi ilipangwa majira ya kuchipua, ukumbi ulishachaguliwa. Kofi lilipolia, jiwe lake la kunolea lilisimama kidogo. Kisha likaendelea.

Huyo ndiye mchumba, msomaji. Mshike vizuri, maana hadithi yote iko kwenye mkono wake.

Nje, kwenye maegesho ya magari, Kyogo alimkuta Misao ameegemea gari. Kyogo alikuwa ameshachota theluji safi, akaifunga ndani ya taulo.

"Lete shavu."

"Kila mara theluji, Kyogo. Hivi hujawahi kufikiria kuushika ule mkono, badala ya kunishika shavu baadaye?"

"Yule ni mzee wangu."

"Na mimi ni nani wako?"

"Wewe ni... acha bwana. Tukale. Mama Segawa kule mgahawani leo kachoma nguruwe, mchuzi umeiva, harufu inafika barabarani."

"Usinihonge kwa wali."

"Sikuhongi. Nakubembeleza, ila kwa wali."

Misao akacheka, na kucheka kukamuuma shavu. Walikula bakuli mbili za wali na nyama, Kyogo akampunguzia vipande vinono vya kwake, wakatoka wameshikana mikono kama hakuna aliyepigwa. Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipokuwa.

Maana mapenzi yao yalianzia palepale, kwenye taulo. Misao alikua shambani huko Tokachi, kijiji ambacho baridi ikishika, wazazi humwaga maji kwenye uwanja wa shule mpaka ugande, watoto wateleze. Baba yake ndiye aliyekuwa akishika mpira wa maji. Aliwafunza watoto jambo moja tu: ukimaliza kuteleza, geuka, iinamie barafu, sema asante. Misao alisema asante ile kila jioni, akiwa na kamasi puani na furaha tele.

Alipofika miaka kumi na mitano, Mwalimu Onodera akamwona akiwaacha wavulana, akamchukua. Wiki ya kwanza alimchapa pajani kwa ala, kile kifuniko kigumu cha plastiki kinachovalishwa wembe wa kiatu. Misao akalia. Wakubwa wakamnong'oneza, "Inama. Sema asante. Anakupenda ndiyo maana anakupiga." Aliinama. Na nyuma ya jengo akamkuta kijana mpole ana theluji kwenye taulo, anamwambia, "Shika hapa, itapoa." Binti wa miaka kumi na mitano angefanyaje asipende?

Akashinda mashindano ya vijana. Akaajiriwa na kampuni iliyokuwa na timu ya barafu, ofisini asubuhi, uwanjani mchana. Akawa bingwa wa taifa, akautetea ubingwa, akavunja rekodi ya uwanja. Kila ushindi Mwalimu aliuinua mkono wake wa kulia na kuwaambia waandishi, "Huu ndio uliomtengeneza." Watu wakapiga makofi, wakidhani anatania.

Mambo yaliharibika siku ya Wakana.

Wakana alikuwa mdogo kuliko wote kwenye timu, binti mcheshi aliyeiga sauti ya kila mtu. Siku hiyo alichelewa mazoezini, na Mwalimu akamvizia mlangoni na ala mkononi. Alimpiga sikioni. Wakana akaanguka, akataka kuinama akiwa chini hivyohivyo, damu ikimtiririka shingoni.

"Asante sana, Mw... Mwalimu... sisikii. Dada Misao, sisikii upande huu!"

"Ameteleza," Mwalimu alisema. Akawatazama mmoja mmoja. "Mmeona. Ameteleza, kagonga benchi."

"Ndiyo, Mwalimu," wakajibu.

Sauti moja haikujibu. Misao alikuwa amepiga magoti, amekiweka kichwa cha Wakana mapajani, sare yake nyeupe imelowa damu.

Daktari alisema kiwambo cha sikio kimepasuka. Kesho yake shirikisho la mchezo wa barafu likampigia Misao simu: limesikia fununu, litampigia tena mchana, aeleze alichokiona. Kyogo aliwahi kufika kwenye chumba chake kabla ya simu hiyo. Hakuvua hata koti.

"Utasema aliteleza."

"Nitasema alipigwa."

"Misao, fikiria! Mzee akifungiwa, kampuni itaivunja timu. Mchujo huo hapo. Utakwenda na nani? Utanolewa nyembe na nani?"

"Nitanoa mwenyewe."

"Na harusi? Utamwinamiaje ukumbini mtu uliyemchongea?"

"Kyogo, yule mtoto hasikii. Umemwona. Ulikuwa umesimama na taulo lako mkononi, umeona kila kitu."

"Mimi alinivunja meno mawili nikiwa darasa la sita! Nimekufa? Nimekuwa mtu! Na wewe amekufanya bingwa!"

"Amenifanya mwoga mwenye medali. Toka, simu inakaribia kulia."

"Hupokei."

"Napokea."

"Nimesema hupokei!"

Akampiga.

Lilikuwa kofi zito, la mkono wa kulia, shavu lilelile. Misao alikwenda hadi ukutani, kikombe cha chai kikaanguka kikavunjika. Na kabla hajafikiri chochote, mwili wake ukanyooka, mikono ikashuka ubavuni, mgongo ukainama.

"Asante sana," alisema.

Wote wawili walilisikia neno hilo. Misao alibaki ameinama, anatazama soksi zake, na hofu ikampanda ambayo hakuwahi kuipata kwenye kona yoyote.

Kyogo alikuwa mweupe kama karatasi. Akageuka haraka, akafungua mlango wa roshani, akachota theluji kwenye ukingo, akavuta taulo kwenye kamba, akafunga. Alifanya yote hayo bila kujua anafanya nini. Akamjia na taulo mkononi.

"Lete... lete shavu."

Misao akaliona taulo. Akauona mkono ulioshika taulo. Ulikuwa bado mwekundu kiganjani.

"Usinisogelee."

"Misao, mimi..."

"Usinisogelee na hilo taulo!" Alilipiga likaruka, theluji ikatapakaa sakafuni katikati ya vigae vya kikombe. Akaivua pete, akamtupia usoni, ikamchana chini ya jicho. "Toka! Toka kabla sijakuua!"

Kyogo akatoka. Simu ikalia. Misao akapokea, akasema yote.

Jioni ujumbe ukaingia: "Nisamehe. Sijui ule mkono umetoka wapi."

Akajibu: "Mimi najua ulikotoka. Ndiyo maana sirudi."

Alilia sana, tusidanganyane. Alimpenda yule mwanamume. Alipenda hata anavyonusa chakula kabla ya kula, kama mbwa mwenye adabu. Lakini kila akikumbuka mgongo wake ulivyoinama wenyewe, machozi yalikauka.

Siku ya mchujo, Nagano. Shirikisho lilikuwa bado linahoji watu, kwa hiyo Mwalimu Onodera aliingia uwanjani na beji yake shingoni kama kawaida. Misao alipangiwa njia ya nje. Kwa mita mia tano hiyo ina maana moja: kona ya kwanza unaipiga nje, wapinzani wanapishana na kubadilishana njia, kona ya mwisho unaipiga ndani, imebana, kasi ikiwa juu kabisa. Hapo ndipo wengi hurushwa ukutani. Ilikuwa kona ileile aliyopigiwa makofi miaka yote.

Alikuwa kwenye ujia wa kuingilia uwanjani, anavua ala kwenye viatu, aliposikia nyayo.

"Umeniuza."

"Nina mbio, Mwalimu."

"Nilikuokota kwenye mavi ya ng'ombe! Nikakupa jina! Unadhani ile kona utaipita nani akikusukuma?" Aliinyakua ala moja sakafuni. "Inama!"

"Siinami."

"Nimesema inama!"

Ala ikapanda juu. Mtu akapita katikati yao. Plastiki ilipasua paji la uso la Kyogo, na damu ikamwagika jichoni mpaka akapapasa ukuta kwa mkono.

Mwalimu akatweta. Akamtazama mwanawe, akangoja. Hata pale, hata siku ile, alikuwa akingoja neno lake.

"Sema."

"Sisemi, baba."

Ala ikatua begani. "Sema!"

"Sisemi."

Ikatua usoni tena, mdomo ukapasuka. Kyogo hakuukinga uso. "Nipige mpaka uchoke. Sisemi tena maisha yangu yote."

Ya nne haikufika. Kyogo aliudaka ule mkono wa kulia, akaukunja hadi ala ikaanguka, akambana baba yake ukutani kwa kifua. Mzee alimpiga teke, akamuuma kidole, akamtukana marehemu mama yake. Kyogo akabana tu, damu yake ikimdondokea mzee kwenye beji.

Waamuzi wawili wakaja mbio. "Nini hiki? Nini kinaendelea?"

"Andikeni," Kyogo alisema akihema. "Huyu alimpiga Wakana kwa ala mpaka sikio likapasuka. Niliona kwa macho yangu. Na mimi, Kyogo Onodera, nilimpiga Misao Tokoro huyu hapa, nyumbani kwake, ili asiseme. Yaandikeni yote mawili. Moja lisisahauliwe."

Misao alikuwa amesimama na kiatu kimoja hakijafungwa. Kipaza sauti kikaliita jina lake. Akainama, si kwa mtu, akafunga kamba, akaingia kwenye barafu.

Bastola ikalia.

Aliondoka vibaya kidogo, mguu wa kwanza ukakwaruza. Mpinzani wake, binti mrefu wa Yamagata, akamtangulia kona ya kwanza. Kwenye kupishana aliufuata mgongo wake, akajikinga upepo nyuma yake, akaingia njia ya ndani. Na kona ikaja. Alisubiri ile sauti nyuma ya kichwa, "Mguu! Mguu!", lile kofi linalomngoja ukingoni. Hapakuwa na kitu. Barafu ilikuwa kimya, ngumu na nzuri kama ya uwanja wa shule, baba akiwa kando na mpira wa maji. Misao akalala ubavu mpaka glovu ikagusa barafu. Hakulegeza.

Ubao ulipowaka, uwanja mzima ukasimama. Rekodi yake mwenyewe ilikuwa imevunjika, na Olimpiki ilikuwa yake.

Alimkuta Kyogo ujiani, ameketi sakafuni. Mzee alikuwa ameshaondolewa. Muuguzi alikuwa amekwenda kuleta uzi wa kushonea. Misao aliketi mbele yake, akainua kiatu, akakwangua barafu iliyoshika kwenye wembe, akaiweka kwenye kiganja cha Kyogo.

"Shika mwenyewe. Poza mdomo."

"Umeshinda?"

"Nimeshinda. Peke yangu."

"Nimesikia kelele, nikajua. Misao, utarudi?"

"Nakupenda, Kyogo. Halijaisha hilo, na linaniuma kuliko makofi yote. Na leo umefanya la mwanamume, nimeliona. Lakini uliponipiga, mwili wangu ulikushukuru. Siwezi kulala nyumba moja na mtu ambaye mwili wangu unamshukuru kwa jambo hilo."

"Nikibadilika?"

"Badilika. Ila si kwa ajili yangu. Mimi sitakuwepo kukupigia hesabu."

Barafu ilikuwa inayeyuka kiganjani mwake, imechanganyika na damu. Kyogo akafungua mdomo, "Asan..."

"Usiseme," Misao alimkatiza, akamfuta jicho kwa kidole gumba. "Kati yetu sisi wawili, neno hilo limekufa."

Wakana alikuwa ukingoni mwa uwanja, bandeji sikioni, anapunga mikono yote miwili na kuiga sauti ya mtangazaji. "Bibi Tokoooro! Binti wa mkamua ng'ombe!"

"Ndiyo mimi!" Misao akamjibu kwa sauti, upande wa sikio zima, na watu wakacheka.

Kabla ya kutoka aligeuka. Barafu ilikuwa tupu, mistari ya nyembe zake bado mbichi kwenye kona ya mwisho. Akaweka mikono mapajani, akainama polepole mpaka mgongo ukalala.

"Asante sana," alisema.

Tangu aondoke kijijini kwao, ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo bila kupigwa kwanza.