Saa Moja na Nusu kutoka London

Marhoon alipobisha hodi, Muhsina aliijua sauti lakini hakuitika. Kwa miaka sita alikuwa akiisikia kila alfajiri katika nyumba ile ya Matrah, kando ya Maskati, na kila alipofungua mlango hakuona mtu. Safari hii ilikuwa alasiri. Mwenye sauti akasukuma mlango akaingia, kavaa suti, kashika sanduku.

Mahfoudha, mama yake Marhoon, aliangusha kisu cha vitunguu akaanza kusoma Ayatul Kursiy.

– Mama, ni mimi. Si jini.

Muhsina na Marhoon walioana Unguja mwaka 1963, na hata mwezi haukwisha mume akaenda kusoma London. Januari iliyofuata yakatokea mapinduzi. Wanawake hawa wawili wakakimbia na nguo walizovaa mpaka wakafika Maskati. Huko ikawafikia habari kwamba Marhoon kapanda ndege ya Geneva kumwendea jamaa awasaidie, na tangu hapo hajaonekana. Watu wakasema ndege imepotelea kwenye milima ya theluji. Mahfoudha akamsomea mwanawe khitma, kama anavyosomewa maiti. Muhsina yeye alikataa kwenda kwa kadhi kuvunjiwa ndoa. Wachumba walikuja, akawarudisha. Ataolewaje, na mumewe anamwita kila kukicha, na chumba kinaingia baridi hata wakati wa joto la Maskati?

Sasa ni 1970, nchi imefunguka chini ya sultani mpya, waliosoma nje wanarudi, na Marhoon amerudi nao. Alieleza, macho chini, kwamba alifika Geneva salama. Huko akaambiwa watu wote wa nyumba yao wameuawa. Akalia, akaugua, akabaki huko huko.

Muhsina alimsikiliza mpaka mwisho.

– Kutoka London mpaka Geneva ni mbali?

– Maili hazifiki mia tano.

– Ndege inakwenda muda gani?

– Saa moja na nusu.

– Mie nlikuwa nawe ndani ya ndege hiyo miaka sita. Nkifumba macho naiona inaanguka. Lini ulijua kuwa sisi tu hai?

Marhoon akalisogeza sanduku lake kando.

– Nnakuuliza, Marhoon.

– Mwaka wa pili. Mtu wa Kuwait aliniambia. Lakini nlikuwa nishaoa, Muhsina. Sikujua nianzie wapi.

Akaongeza haraka kwamba mke yule wameachana, kwamba kaahidiwa kazi serikalini, kwamba atawajengea nyumba. Muhsina hakupandisha sauti. Alimwambia anataka talaka yake.

Marhoon akamgeukia mamake amwombee. Bibi alimpapasa mwanawe mashavu, taratibu, kama anayehakikisha kuwa ni nyama na mfupa, kisha akauondoa mkono.

– Nlikusomea khitma, mwanangu. Huyu ndiye aliyenishika nisianguke. Mpe haki yake.

Talaka ilitolewa jioni ile mbele ya majirani wawili, na Marhoon akaondoka na sanduku lake.

Mahfoudha alibaki kaketi mkekani, hathubutu kumtazama Muhsina.

– Sasa wewe si mkamwana wangu tena, alisema. Nna haki gani ya kukaa nawe?

Muhsina akakaa kando yake, akakivuta kichwa cha bibi akakilaza begani mwake.

– Kaa, mama. Mie na wewe tumefiwa na mtu mmoja.